Nani anabaki na hasara? Msomi wa ushirikiano wa sekta anasomea nini hasa

Julai 2023, kesi ya makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai iliposikilizwa Mahakama Kuu hapa Mbeya, mji mzima uligeuka darasa la mikataba. Kabwe, Mwanjelwa, Soweto, ndani ya daladala za Uyole, kila mtu alikuwa na lake: wameuza, wamekodisha, wameingia ubia, wamebinafsisha. Agosti 10 mahakama ikatupilia mbali shauri lile, ubishi ukaendelea. Ukiwasikiliza vizuri, nusu ya wabishi hawakuwa wakitofautiana kuhusu bandari. Kila mmoja alikuwa na picha yake kichwani kuhusu serikali na kampuni wanapokaa meza moja.

Mkanganyiko wa namna hiyo hujitokeza pia chuo kinapotangaza kwamba mkuu mpya wa shule yake ya biashara ni mbobezi wa ushirikiano wa sekta mbalimbali. Mzazi mwenye binti anayesomea uhasibu anauliza: huyu ni mtu wa biashara au mtu wa NGO? Mfanyabiashara wa Sido anadhani ni kada aliyetafutiwa pa kukaa. Siwalaumu. Uhasibu unaeleweka, masoko yanaeleweka, lakini msomi mzima atumie miaka ishirini akichunguza namna halmashauri, kampuni na kanisa wanavyoshirikiana, kuna nini cha kuchunguza?

Kipo, na hasa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Msomi huyu anafuatilia watu wasio na bosi mmoja walioamua kufanya jambo pamoja, kisha anauliza: likiharibika, nani anabaki na hasara?

Tutenganishe maneno kwanza

Sekta hapa haina maana ya kilimo, madini au utalii. Inamaanisha mwenye mali ni nani na anaongozwa na nini. Sekta ya umma ni serikali, halmashauri na mashirika yao. Sekta binafsi ni wanaofanya kazi kwa faida ya wenye mtaji. Kundi la tatu ni la makanisa, misikiti, mashirika yasiyo ya kiserikali na vikundi vya kijamii. Chama cha ushirika cha wakulima wa chai wa Rungwe kikae wapi? Ni mali ya wanachama, kinauza sokoni, na Mrajis wa serikali ana kauli nzito juu yake. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mimi nakiweka katikati na kuendelea na safari.

Ushirikiano wa sekta ulipata maelezo yanayotumika sana mwaka 2006, kutoka kwa watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani: John Bryson, Barbara Crosby na Melissa Stone. Kwa maneno yangu, walisema ni taasisi za sekta mbili au zaidi kuunganisha taarifa, rasilimali, shughuli na uwezo wao ili wapate matokeo ambayo taasisi za sekta moja peke yake zisingeyapata. Shika hicho kipande cha mwisho. Kama halmashauri ingeweza kuifanya kazi yenyewe, au kampuni ingeweza peke yake, basi ushirikiano huo ni gharama ya bure.

Ubia, kwa maana ya sheria zetu, ni jamii moja tu ya ushirikiano huo. Sheria ya Ubia baina ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ilitungwa 2010 na imerekebishwa zaidi ya mara moja, ikiwemo 2023. Taasisi ya serikali inaingia mkataba wa muda maalumu na mwekezaji. Mwekezaji anajenga au anaendesha huduma, na anabeba sehemu ya hatari ya mradi. Ubinafsishaji ni habari nyingine kabisa. Mashamba ya mpunga ya Mbarali na Kapunga, yaliyokuwa ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yaliuzwa 2006. Palikuwa na muuzaji na mnunuzi, na malalamiko ya ardhi yaliyofuata yalikuwa malalamiko ya mauzo.

Kuna na kumiliki hisa pamoja, ambako watu wengi hukuita ubia. Kiwanda cha saruji cha Songwe, Mbeya Cement, kwa miaka kadhaa kilikuwa na Holcim kwenye asilimia 65, Serikali 25 na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 10. Hapo meza ni moja na sekta ni mbili, lakini mwenye 65 ndiye mwenye kauli ya mwisho. Msomi wetu havutiwi sana na meza yenye mwenye kauli ya mwisho. Anavutiwa na ile isiyo naye.

Lumbesa, au kwa nini sekta moja haitoshi

Mtu wa Njombe, Makete au Isongole hahitaji kuelezwa lumbesa. Gunia la viazi linajazwa hadi mdomoni, kisha linajengewa kichwa juu na kufumwa kwa kamba, uzito unapita kilo 100 zinazoruhusiwa, na mkulima analipwa bei ya gunia. Marufuku zimetolewa na mawaziri kwa wakuu wa mikoa, Wakala wa Vipimo wamefanya misako, na lumbesa bado inashuka Dar es Salaam kila usiku.

Tazama kila mmoja alivyosimama. Mnunuzi analipia gunia, kupakia ni kwa gunia, na ushuru ukitozwa kwa gunia basi gunia nene linampunguzia ushuru pia. Mkulima viazi vyake vimeshachimbwa, mvua inatishia, na anajua akikataa kichwa, gari litasogea kwa jirani. Mkurugenzi wa halmashauri akikaza geti peke yake, malori yanahamia wilaya ya pili, na mapato yanahama nayo. Mizani ya kijiji inahitaji mtu wa kuinunua, wa kuitunza na wa kumwambia tajiri kwamba leo tunapima. Hakuna mjinga hata mmoja hapo. Kila mtu anafanya la busara kwa upande wake, na jumla yake inamwangukia mmoja.

Polisi hawezi kulimaliza hilo, na kampuni moja yenye nia njema haiwezi pia, kwa sababu itauziwa viazi ghali kuliko wenzake. Inabidi halmashauri kadhaa zikaze siku moja, wanunuzi wakubali kilo, vyama vya wakulima vishike mizani, ushuru nao uhesabiwe kwa kilo. Na katika hao wote, hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake.

Ukitaka kuiona hali hiyo kwa udogo wake, kumbuka kamati ya harusi. Kuna upande wa bwana harusi, upande wa bibi harusi, wafanyakazi wenza na majirani. Mwenyekiti yupo, lakini hana wa kumfukuza wala mshahara wa kumkata mtu. Daftari la mhazini lina safu mbili, ahadi na taslimu, ambazo hazijawahi kulingana tangu dunia iumbwe. Ukumbi ukidai salio asubuhi ya siku yenyewe, kuna mtu mmoja atakayeingiza mkono mfukoni, na mara nyingi angeweza kutajwa tangu kikao cha kwanza. Msomi wa ushirikiano wa sekta anamtafuta mtu huyo mapema, ila kwenye miradi ya mabilioni inayodumu miaka thelathini.

Hospitali teule, ubia mkongwe kuliko sheria yake

Wanaosema mambo haya ni ya juzi, yameletwa na wafadhili, waende Tosamaganga nje kidogo ya Iringa mjini. Ile ni hospitali ya Jimbo Katoliki la Iringa, kazi iliyoanzishwa na wamisionari wa Consolata, na kwa miaka mingi imefanya kazi ya hospitali ya wilaya. Ilula ya Walutheri, na Ifisi pale Mbalizi, nazo zimebeba mzigo wa aina hiyo. Ndizo tunazoziita hospitali teule.

Utaratibu wake ni huu. Kanisa linabaki na ardhi, majengo na uongozi. Serikali, badala ya kujenga hospitali yake mahali palepale, inaingia mkataba wa huduma: inalipa mishahara ya sehemu ya watumishi, inatoa ruzuku na mgawo wa dawa. Hospitali nayo inakubali kuwahudumia wenye msamaha kwa sera ya serikali, yaani wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wasiojiweza. Mwaka 1992 Serikali na makanisa, kupitia Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo, walitia saini hati ya maelewano juu ya huduma za jamii, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa mwaka huohuo. Sheria ya ubia ilikuja miaka 18 baadaye. Hati hiyo ilileta pia ubishi wa kitaifa, kwani waliokuwa nje ya makubaliano walihoji kwa nini wako nje, na kwa msomi wa fani hii swali la nani hakualikwa ni zito kama swali la nani alialikwa.

Sasa ingia wodi ya wazazi ya hospitali teule yoyote. Wauguzi wawili, zamu moja, sare moja. Wa kwanza ni mwajiriwa wa halmashauri: mshahara wake unatoka Hazina, makato yake yanaenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, anapanda daraja kwa waraka. Wa pili ni mwajiriwa wa jimbo: mshahara wake unategemea makusanyo ya dirishani na ruzuku, makato yake yanaenda NSSF, na ruzuku ikichelewa, naye anachelewa. Mama aliyeshikwa na uchungu hawezi kuwatofautisha. Lakini yule wa kwanza akichelewa kazini kila siku, mganga mfawidhi aliyeko pale hana rungu. Anaandika barua kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mwajiri, na anasubiri. Na yule wa pili, halmashauri ikitangaza ajira, anaomba. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilipoajiri kwa wingi, hospitali nyingi za mashirika ya dini ziliwaona wauguzi wao wakifunga mizigo.

Ule mkataba haujasema uongo mahali popote. Uliandika vizuri nani analipa nini. Ulichoacha ni nani anamsimamia nani saa tatu usiku, na msomi wetu hukaa hapohapo: penye pengo kati ya karatasi na zamu ya usiku.

Kisha ikaja 2018, serikali ikaanza kujenga hospitali 67 za halmashauri katika wilaya ambazo hazikuwa nazo. Ni jambo jema, nani atalipinga? Ila halmashauri yenye jengo jipya inahitaji watumishi wa kulijaza, na watumishi wake wengine wako hospitali teule. Akiwaita warudi, mkurugenzi yuko ndani ya haki yake. Kanisa linabaki na wodi zile zile, mashine zile zile, wagonjwa ambao hawajui kama kuna kilichobadilika, na pengo la mishahara. Ubia ulioanza kwa nia njema mara nyingi hauna kurasa za kutosha juu ya siku ya kuachana, kwa sababu kulizungumzia hilo mezani siku ya kutia saini kunaonekana kama uchuro.

Umeme wa Mwenga

Mufindi wana mfano wa upande wa pili. Mtambo wa maji wa Mwenga, megawati 4, ulianza kuzalisha 2012. Kampuni ya Rift Valley Energy iliujenga karibu na viwanda vya chai ambavyo umeme ukikatika majani yanaungulia kwenye vikaushio. Ziada inauzwa TANESCO, na nyaya zikavutwa hadi vijiji vya jirani kwa msaada wa ruzuku za Umoja wa Ulaya na Wakala wa Nishati Vijijini, REA.

Hesabu ya kijiji haihitaji profesa. Nyumba zimetawanyika, nguzo ni nyingi, na mteja ana taa tatu, redio na simu ya kuchaji. Kampuni ikienda peke yake, inakula mtaji. REA wana fedha za kuunganisha lakini hawana mto wala mtambo. TANESCO wana gridi inayoweza kununua ziada usiku vijiji vikilala. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanasimamia bei ili pasiwe na kukomoana. Kila mmoja amepata ambacho peke yake asingekipata, na hilo ndilo sharti la wale watafiti wa Minnesota.

Tofauti na hospitali iko kwenye hatari. Mto ukipungua kiangazi, hasara ni ya kampuni. Mnunuzi mkubwa akichelewa kulipa, anayeumia kwanza ni kampuni hiyohiyo, ndiyo maana hakuna benki inayokopesha mradi kama huu bila mkataba wa miaka mingi unaotaja bei na masharti ya kulipana. Hapa watu walikaa na kuandika mabaya kabla hayajatokea. Sisemi mkataba ule hauna dosari. Ila ni wa watu waliokubali mapema kwamba mambo yanaweza kuharibika.

Kule Ludewa, mtambo wa Mawengi wenye kilowati 300, uliosukumwa na shirika la Kiitalia la ACRA, ulichukua njia ya tatu: uendeshaji uko kwa jumuiya ya watumiaji wenyewe, LUMAMA, jina lililounganisha Lupande, Madunda na Mawengi. Mfadhili akiondoka, kipuri kinanunuliwa kwa makusanyo ya watumiaji, na gridi ya taifa ikifika kijijini lazima pawe na jibu la mtambo huu mdogo unageuka kuwa nini. Wanafunzi wa uzamivu wangeweza kuhamia Ludewa kwa hilo tu.

Nitaje na SAGCOT, mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini mwa Tanzania, kwa kuwa hakuna jina lililochanganya watu wa Iringa na Njombe kama hilo. Mpango ulitangazwa Dar es Salaam 2010 kwenye mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani, na kongani yake ya Ihemi iko kwetu. Wapo walioamini ni kampuni iliyokuja kugawa mashamba kwa wageni. Hofu ya ardhi ilikuwa na sababu zake, na ilistahili majibu kuliko ilivyojibiwa. Lakini kituo cha SAGCOT chenyewe hakilimi wala hakinunui. Kazi yake ni kumkutanisha mwenye mbegu, mwenye benki, mwenye kiwanda na mkulima. Mkutanishaji wa namna hii ana ugumu wa kipekee: mambo yakienda vizuri sifa ni za kiwanda, yakiharibika lawama ni zake, na kuipima kazi yake ni shida kwa sababu mikutano si mavuno.

Njia ya msomi mwenyewe

Anaanza kama wengine. Matangazo ya kazi ya vyuo vya umma huwataka wakufunzi wasaidizi wawe na GPA isiyopungua 3.8. Anasoma uzamili, anakuwa mhadhiri msaidizi; anasoma uzamivu, anakuwa mhadhiri; kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kila ngazi inadai makala zilizochapishwa baada ya kupitiwa na wasomi wenzake.

Kinachomtofautisha ni kazi ya uwandani. Mwenzake wa fedha anaweza kupakua takwimu za soko la hisa akiwa amekaa. Huyu anaomba mihtasari ya vikao na kuisoma upande wa mahudhurio, si wa maazimio. Kikao cha kwanza amekuja mkurugenzi mwenyewe. Cha pili kaja mkuu wa idara. Cha tatu limeandikwa "mwakilishi", na mwakilishi huyo hana mamlaka ya kuamua hata ratiba ya kikao cha nne. Ushirikiano umeshaanza kufa na bado hakuna aliyeutangaza. Kisha anawahoji wahusika, kila mmoja peke yake, kwa sababu mbele ya wenzao wote husema uhusiano ni mzuri. Kisha analinganisha ahadi na kilicholipwa.

Wazee wa fani hii wanajulikana. Barbara Gray wa Marekani aliandika tangu miaka ya 1980 juu ya wadau ambao kila mmoja anaona upande mmoja tu wa tatizo. James Austin wa Harvard, mwaka 2000, alionyesha kwamba uhusiano wa kampuni na asasi huweza kuanza kwa kupeana misaada, ukahamia kwenye kubadilishana manufaa, na mara chache ukafikia kuunganisha kazi zenyewe. Ukitumia kipimo chake, mambo mengi tunayoyasherehekea kwa mabango na fulana yako ngazi ya kwanza. Chris Huxham wa Strathclyde, Glasgow, alichunguza kwa nini ushirikiano mwingi hukwama ukiwa umejaa watu werevu, na ushauri wake unawashangaza wanaodhani fani hii ni ya kuhubiri umoja: kama unaweza kuepuka kushirikiana, epuka.

Yupo pia Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Alionyesha kwamba watumiaji wa msitu, samaki au mfereji wanaweza kuutunza wenyewe kwa kanuni zao, bila kuuzwa na bila serikali kushika kila kitu. Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi, una wakulima wa Usangu juu, hifadhi chini yake, na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu mbele zaidi. Kumwelewa Ostrom ukiwa Mbarali ni rahisi kuliko ukiwa Stockholm.

Udhaifu wa fani upo, nami nautaja kwa sababu wenyewe huupitia haraka. Ubia huonyesha rangi yake baada ya miaka kumi, na kupanda cheo kunadai makala mapema zaidi. Matokeo yake, maandiko mengi ni juu ya mwanzo wa miradi, wakati wino bado mbichi. Juu ya talaka zake yameandikwa machache.

Kwa nini afundishe shule ya biashara? Mwanasheria ataangalia kifungu, mtu wa siasa ataangalia nani ana nguvu. Mtu wa biashara anauliza fedha inaingia mwezi gani na kutoka mwezi gani, na katika ubia mwingi uliovunjika, nia ilikuwapo. Fedha ndiyo iliyochelewa. Mkulima wa chai wa Rungwe anakuelewa mara moja ukimwambia hivyo. Majani mabichi hayasubiri, lazima yafike kiwandani ndani ya saa chache baada ya kuchumwa, lakini malipo yake yanaweza kusubiri miezi.

Na huo ukuu wa shule?

Hapa pana dhana potofu ya mwisho: kwamba akishakuwa mkuu ameacha usomi na sasa ni bosi. Ukuu wa shule au kitivo ni dhamana ya kipindi, na akimaliza anarudi darasani. Hawezi kumwamuru profesa achunguze nini. Mtaala wake unapita Tume ya Vyuo Vikuu, wahitimu wake wa uhasibu watakwenda kufanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, waajiri wanalalamika kwamba vijana hawajui kuandika ripoti, na wazazi wanalalamika kwamba ajira hakuna. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021 na kuvifikia vyuo kama MUST na Mzumbe, unavitaka vyuo viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwanda ndani yake. Mkuu wa shule anakaa na meneja wa benki, mtu wa kiwanda cha maziwa na afisa wa serikali, hakuna aliye chini yake hata mmoja. Somo lake limemfuata ofisini.

Je, ubobezi wake utamsaidia? Kidogo. Kujua kwa nini kamati hufa hakukuwezeshi kuifufua. Ila mbobezi ataona mapema ile safu ya "mwakilishi", na atamtafuta meneja kwa simu kabla ya kikao cha tatu.

Wengine humdhania kuwa dalali wa wawekezaji. Wapo wasomi waliogeuka hivyo, na dawa yake ni kuuliza nani alilipia utafiti. Utafiti wa mradi uliolipiwa na mwenye mradi si lazima uwe wa uongo, lakini lazima useme hivyo ukurasa wa kwanza.

Tuwekeane basi swali lake kwenye jambo linalotuhusu. TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kati ya Tanzania na Zambia, ni mali ya serikali hizo mbili. Septemba 2024 kule Beijing ilitiwa saini hati ya maelewano ya kuifufua pamoja na kampuni ya ujenzi ya China, CCECC, kwa uwekezaji unaotajwa kuwa dola bilioni 1.4 na mkataba wa miaka 30. Wa Iyunga na Mbalizi tayari wamegawanyika: imeuzwa, haijauzwa. Reli inabaki ya serikali mbili, kwa hiyo tuliache hilo. Kinachoilisha reli ni shaba ya Zambia na Kongo, na shaba hiyo sasa ina njia ya pili, kwenda bandari ya Lobito kule Angola, inayosukumwa na Marekani na Ulaya. Siku mizigo ikielekea Lobito na mabehewa yakapita Mbeya nusu tupu, mapato hayatatosha. Mikataba ya aina hii huwa na njia mbili za kulijibu hilo. Kuna kifungu cha dhamana ya mapato, ambapo serikali humfidia mwendeshaji tofauti, na fidia hiyo hutoka kwenye kodi. Au hakuna kifungu hicho, hasara ni ya mwendeshaji, naye huanza kutafuta pa kubana, na mahali pa kwanza pa kubana huwa treni ya abiria, kwa kuwa hailipi kama mzigo. Anayetaka kujua TAZARA imefanywa nini aanzie kwenye kifungu hicho, kisha ajumlishe na kile cha namna ya kuvunja mkataba kabla ya mwaka wa 30.